Kiporo cha Jumapili

Mjomba Nassor,

Kule kwetu mtu akipita makaburini huwasalimia waliolala, akawaambia kwamba na sisi tuko njiani. Basi salamu hiyo ipokee kwanza. Barua sijawahi kumwandikia mtu aliye chini ya udongo, na wewe ulikuwa bingwa wa kukosoa barua za watu, kwa hiyo nikiteleza nivumilie. Ni mimi Salha, binti wa dada yako, yule uliyemleta Guangzhou kwa ahadi ya miezi mitatu tu na mpaka leo hajarudi Unguja.

Nina habari kubwa, lakini nikiitoa mapema utanikata kauli kama kawaida yako. Ngoja nianze na zile ndogo.

Mtaa wetu wa Xiaobei uko pale pale. Jengo letu asubuhi bado linanuka nyama ya kondoo kutoka mgahawa wa chini, na mchana linanuka plastiki mpya. Watu ndio wamepungua. Wengi wa Dar wamerudi, wengine siku hizi wanaagiza kwa simu bila kukanyaga huku, na ghorofa yetu ina milango iliyofungwa mingi kuliko iliyo wazi. Ofisi nimeihamishia kile chumba cha pembeni kilichokuwa cha muuza mawigi. Mpaka leo nafagia nywele. Papa Ilunga wako, yule Mkongo wa Lubumbashi aliyekuja kununua vitenge akaishia kuwa jirani yetu, bado yupo, na kila akisubiri mzigo analala kwenye kochi langu na kukoroma mpaka wateja wanacheka. Na mlinzi wa mlango wa chini, mzee wa Kichina tuliyezoea kumwita Shushu, naye yupo, ila amepaka nywele rangi nyeusi kabisa na hataki kuulizwa.

Kontena bado napakia kwa mtindo wako. Juzi tulikuwa bandarini Nansha, wapakiaji wapya wakaanza kurundika maboksi ya vigae juu ya maboksi ya taa. Nikajisikia nasema kwa sauti yako, "Wazito mbele! Mabega yagusane! Asibaki mtu anapumua!" Walinitazama kama mwendawazimu. Hawakujua kwamba ile ni skramu. Ulinifundisha kupakia kontena kabla sijaona mechi hata moja ya raga, ukaniambia vigae ni wale wanaume wanane wanaoinama wakasukumana, na taa ni yule mwembamba wa pembeni mwenye mbio, ambaye ukimweka mahali pabaya atavunjika. Wateja wananisifu kwamba taa zao zinafika nzima. Nasema asante, sisemi nilijifunzia wapi.

Watu wakiuliza Mzanzibari aliingiaje kwenye raga ya Welisi, hadithi yako naisimulia vizuri kuliko wewe, maana wewe ulikuwa unaikatiza kwa kicheko. Ulishuka Cardiff ukiwa mpishi wa meli. Meli ikaharibika, wiki zikapita, ukapata kibarua kwenye kiwanda cha mikate katika mji mdogo wa bondeni, na mwenzako wa mashine ya pili alikuwa Gwyn. Jumamosi ya kwanza Gwyn akakupeleka kuangalia klabu ya pale mtaani. Mvua inanyesha, uwanja wenyewe umeinama upande mmoja, wanaume wamelundikana kwenye matope wanavutana, na wewe ukaweka mwavuli chini ukataka kwenda kuamulia. Gwyn akakushika koti. Uwanja mzima ulikuwa unakuita mwamuzi mpaka siku uliyohama.

Halafu miaka ikawa mingi. Kina mama wa jikoni pale klabuni wakakutengea birika lako la chai, na wewe ukawalipa kwa sambusa, mpaka ikawa timu ngeni zikifika zinauliza sambusa kabla ya kuuliza chumba cha kubadilishia nguo. Hadithi hii ya sambusa sina uhakika nayo. Nilikwisha kukuambia hivyo ulipokuwa hai, na ukanuna siku nzima.

Ulipokuja huku kufuata biashara, ulisema umeacha kila kitu isipokuwa Jumamosi. Tatizo ni kwamba Jumamosi yao mchana ni usiku kwetu, na wewe ukishaswali isha hukuwa na macho. Ndipo ukabuni kiporo. Wenzetu wa soka wakisema kiporo wana maana ya mechi iliyoahirishwa. Kwako kilikuwa mechi iliyochezwa jana, ikalala, tukaila Jumapili asubuhi na chai.

Sheria zake nilizikuta zimekamilika. Jumamosi jioni simu zote zinaingia ndani ya sufuria, kifuniko juu. Jumapili unatoka msikitini baada ya alfajiri, unakuja ofisini umevuta kofia mpaka kwenye nyusi, macho sakafuni, kwa sababu ulisema uso wa binadamu hauna kufuli. Mtu akifungua mdomo tu, hata kama anataka kuuliza bei ya kusafirisha friji, "Usinambie!" Korido nzima inasikia.

Jengo likakuzoea. Watu wasiojua kama mpira ule ni duara au yai wakawa wanakulindia matokeo. Shushu hakuwa na habari raga ni kitu gani, lakini akiiona kofia yako anainua mikono yote miwili juu, "Mei you, mei you!" yaani hakuna, hana kitu cha kukuambia. Hatari ilikuwa Papa Ilunga. Yeye alikuwa anayatafuta matokeo makusudi ili ajue ni nini asichotakiwa kusema. Kisha mnakutana kwenye lifti, anashika kifua, "Mzee, mi sijuwe kintu, je te jure!" kwa sauti ya mtu aliyefiwa. Unafika ofisini umevimba. "Tumefungwa," unaniambia. "Yule Mkongo kaapa."

Ilikuwa kwanza klabu, halafu taifa. Kabla ya kuwasha kompyuta ulikuwa unatoa simu yako peke yake sufuriani, bila kuangalia kitu kingine, ukafungua ujumbe wa sauti wa Gwyn kutoka klabuni. Nyuma yake kelele, glasi zinagongana, mtu anakohoa. Unanitafsiria kwa kuongeza chumvi. Mlinda lango wa zamani ambaye sasa ni seremala amevunja kidole. Nikakuambia raga haina mlinda lango, ukasema, "Basi seremala tu, lakini kidole ni kweli." Ukiona klabu imeshinda unaagiza chapati ya pili. Ikifungwa unaagiza ya pili pia, kwa majonzi.

Halafu taifa. Wimbo wao ukianza ulisimama wima, ukaimba kwa lugha ambayo ulifundishwa na kina mama wa birika, kwa lafudhi ya Malindi ya Unguja, machozi yanatiririka bila aibu. Mimi nilisimama kwa sababu sikuweza kukaa. Siku ile Shushu alipopanda kuuliza kelele za nini, akatukuta tumesimama mbele ya kompyuta, naye akasimama, mikono imenyooka kama askari, mpaka wimbo ukaisha. Kisha akateremka bila kuuliza.

Nilikuuliza kwa nini usishabikie timu inayoshinda. Siku zile za mwisho Welisi walikuwa wanafungwa mechi baada ya mechi, mpaka nikawa naona huruma kukumiminia chai. Hukukasirika. Ulisema, "Mwanangu, mimi nilifika pale sina mtu, wakanipa birika." Ukageukia mechi. Nilidhani unakwepa swali.

Sasa nifike Jumamosi ile. Sijapenda kuifikia.

Welisi walikuwa wanacheza nyumbani. Alasiri ulishikwa na kifua pale kwenye mizani, mkono bado uko juu ya mzigo wa mtu. Teksi, hospitali, nyaya. Nilipokuletea shuka ulikuwa umeketi, rangi imerudi kidogo, na jambo la kwanza ulilouliza ni kama simu yangu iko ndani ya sufuria. Nikakuambia ninayo mkononi, hospitali watanipataje? Ukasema basi iweke kifudifudi. "Kesho wanitoe hapa, tukale kiporo chetu." Ukaniambia ninunue maziwa.

Maziwa nilinunua. Kabla ya alfajiri ukafariki, Mjomba, na mimi sikuwapo, walikuwa wametutoa wodini. Nalisema hivi hivi kwa sababu sijapata namna nyingine ya kulisema.

Tulikuzika huku huku, kwenye makaburi ya Waislamu, na watu wa Xiaobei walijaa. Walikuja mpaka ambao ulikuwa hujawahi kuwapakilia hata boksi. Na katika mkusanyiko wote ule, hakuna aliyeniambia matokeo. Papa Ilunga alipokuja kunishika mkono alitazama viatu vyake tu. Nikaelewa kwamba anajua, na kwamba hatasema, na mimi sikuuliza.

Nikajiambia nitaiangalia baada ya arobaini. Arobaini ikapita. Nikasema baada ya Ramadhani. Idi ikaja, nikapika pilau, nikasema mzigo ukipungua. Mzigo ukapungua kwelikweli, na bado. Ili nisiyapate matokeo ya mechi ile ikabidi niache raga yote. Nilimpigia Gwyn kumpa habari ya msiba. Kiingereza changu ni cha bei na vipimo, hakina maneno ya kifo, kwa hiyo nilitaja jina lako, kisha nikalia, naye akaelewa. Tangu hapo akawa anaendelea kutuma ujumbe wa sauti kila Jumamosi kwenye simu yako, na mimi nikawa naichaji simu na kuziacha sauti zake zilale.

Na jengo, Mjomba! Jengo likahamishia ulinzi kwangu. Jumapili nikipita mlangoni Shushu anainua mikono. "Mei you." Papa Ilunga akiniona anafyatuka kwenye ngazi asipande lifti nami. Nilijua sababu ya yote haya na sikuisema. Maadamu mechi ile haijaliwa, Jumapili yetu moja ilikuwa bado imebaki. Hukuwa umekufa, ulikuwa umechelewa tu kutoka msikitini.

Mwaka jana, siku moja mchana kweupe, Papa Ilunga akatokea mlangoni kwangu na mfuko wa peremende. Akamwaga nusu mezani. Nyingine akawapa wapakiaji koridoni, akateremka kumpa Shushu, akapanda tena, anacheka peke yake na kufuta macho kwa tai. Nikamwuliza kama ana harusi. "Maman Salha," akasema, "mi sijuwe kintu!" Lakini safari hii sauti ilikuwa ya ngoma. Nikajua. Welisi wameshinda, mahali fulani, dhidi ya mtu fulani, baada ya ukame wote ule.

Nilikula peremende moja, halafu nikapandwa na hasira. Nilikukasirikia wewe. Wamengoja uondoke ndipo washinde! Nikafunga mlango na kulia kilio ambacho siku ya mazishi sikukilia, maana siku ile nilikuwa na kazi ya kupokea watu. Nilidhani nimewazuia wale wachezaji wasisogee hata hatua, kumbe wao wanacheza tu, wanafungwa, wanashinda, wanazeeka, na aliyesimama ni mimi na sufuria yangu.

Hata hapo sikuiangalia.

Mwezi huu Gwyn akaniandikia. Miguu imemshinda, anahamia kwa binti yake, na ile akaunti ya mtandaoni mliyokuwa mnaitumia wote wawili kuangalia mechi inafungwa mwezi ukiisha. Kila kilichohifadhiwa humo kitafutika. Mechi ile hakuitaja.

Nilikaa na ujumbe ule siku kadhaa. Nikampigia mama. Dada yako akasema niiache ifutike, mpira tu huo, nikusomee Yasini inatosha. Yasini nakusomea, usidhani sikusomei. Lakini nikiiacha ifutike, kitu cha mwisho ulichokuwa unakingoja duniani kitapotea bila hata mmoja wetu kukiona. Na nikiiangalia, Jumapili yetu ya mwisho itakwisha, tena kwa mkono wangu mwenyewe. Nilitaka mtu aniamulie. Papa Ilunga nilipomwuliza alikuna kichwa, akasema jambo hili ni la familia, akaenda zake kulala kwenye kochi langu.

Mjomba, Jumapili hii iliyopita nimeila. Ndiyo habari yenyewe.

Niliamka alfajiri, nikaswali, nikachemsha chai ya maziwa na tangawizi, nikachoma chapati. Simu zilikuwa sufuriani tangu jana yake. VPN ya kuvukia vizuizi vya mtandao wa huku ilisumbua kama inavyosumbua siku zote ukiwa na haraka. Nilitaka niwe peke yangu, lakini kabla picha haijatulia mlango ukagongwa. Shushu, na chupa yake ya chai ya majani. Nyuma yake Papa Ilunga, amevaa suti ya kanisani. Nikamwambia atachelewa misa. "Mungu atanigojea kiloko," akasema, yaani kidogo, "weye umegoja sana."

Wewe fikiria, mtu yule, ambaye hawezi kuficha hata bei aliyonunulia shati, alikuwa ameyabeba matokeo yale tangu siku tulipokuzika. Akachukua kiti, akakigeuza kikatazama ukuta, uso wake usije ukanisaliti. Mechi nzima Mkongo wa watu alitazama kalenda ya kampuni ya vigae na kusikiliza tu.

Wimbo ulipoanza tulisimama wote watatu, mmoja amegeukia ukutani. Nikaimba yale maneno kama nilivyoyasikia kwako, yaani yote makosa. Shushu alibaki wima mpaka mwisho.

Halafu wakaanza. Nilisahau kabisa kuogopa. Nilimgombeza refa kwa niaba yako, "Refa, umekula nini wewe?", nikasimama, nikakaa, nikamwaga chai. Papa Ilunga kila nikipiga kelele alikuwa anashika kichwa huku anatazama kalenda. Kipindi cha pili kuna mahali yule mwembamba wa pembeni alipata mpira, uwanja ukafunguka mbele yake, na mimi nikanyoosha mkono upande wako kukukamata kama zamani. Nilishika mkono wa mtu. Nikageuka, nikakuta ni Shushu. Hakuutoa.

Filimbi ya mwisho ikalia. Sikusogea. Papa Ilunga akauliza kutoka ukutani, "Imeisha?" Nikamwambia imeisha. Akageuka, tukatazamana, na yeye ndiye aliyelia kwanza, kwa sauti, na tai ile ile. Shushu akatumiminia chai yake ya majani, chungu kama dawa, tukainywa. Baadaye kidogo nikavivuta viti vikarudi mahali pake, Papa Ilunga akakimbilia kwenye misa ya pili, na mimi nikabaki na kompyuta imezima.

Nilidhani nitaona pengo kubwa. Nimeliona. Lakini pia niliona njaa, nikala chapati mbili. Alasiri nikafungua sauti za Gwyn, nikaanza na ya zamani kabisa, na bado nasikiliza, kidogo kidogo, bila wa kunitafsiria. Nimemtumia na yangu. Nimemwambia kwa Kiingereza changu cha vipimo kwamba nimeiona, na kwamba atakapokuwa kwa binti yake asiache kunitumia habari za klabu, nitazipokea Jumapili na watu wawili ninaokaa nao.

Sasa najua unachongoja. Umenisoma mpaka hapa umekunja uso, unataka kujua walifanyaje.

Sikuambii, Mjomba. Umeondoka hujaiangalia, na asiyeiangalia haambiwi. Nimeficha hata kwenye barua hii, irudie uone. Mama ataniuliza, nitamwambia mpira tu. Watakaokuja kukuzuru kaburini nitawaonya mmoja mmoja wasilete mdomo mrefu pale. Mungu akitukutanisha mahali pema, tutakaa wewe na mimi tuiangalie tangu wimbo, na mimi nitashtuka kila mahali pa kushtuka kama mtu ambaye hajaiona hata mara moja. Hiyo ni ahadi. Lala salama, Mjomba wangu. Kwako bado hawajaanza kucheza.

Mpwa wako,
Salha